Kabla Hujasaini: Namna ya Kufanya Kazi na Mtetezi wa Elimu wa Mtoto Mwenye Ulemavu Marekani

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mkalimani wa Kiswahili katika shule za Marekani, mara nyingi kwa simu. Siku moja niliitwa nifike mwenyewe. Upande mmoja wa meza walikaa watu saba: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwanasaikolojia wa shule, mtaalamu wa tiba ya usemi, nesi, na bwana mmoja kutoka ofisi za wilaya ya shule. Upande wa pili alikaa mama mmoja mwenyeji wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyeishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Alikuwa ametoka shifti ya usiku kiwanda cha nyama, na sare hajavua. Walipitia kurasa ishirini na kitu kwa dakika arobaini. Kila alipoulizwa kama ana swali alijibu, "Hapana, asanteni sana walimu." Akapewa kalamu, akasaini. Tulipofika kwenye maegesho akaniuliza, "Dada, wamesema mtoto atafanyiwa nini?"

Sikuruhusiwa kumjibu. Mkalimani hubeba maneno ya watu na kuyafikisha, basi. Akianza kushauri amevunja kiapo cha kazi. Baada ya siku ile niliacha ukalimani, nikajifunza utetezi. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningemwambia yule mama pale mlangoni, kabla hajaingia.

Kwanza msingi wa sheria, kwa ufupi. Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford alisaini sheria iliyozilazimu shule za umma Marekani kumfundisha kila mtoto mwenye ulemavu, bure. Tangu 1990 sheria hiyo inaitwa IDEA, na ilirekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2004. Shughuli yake kuu huanza mtoto akiwa na miaka 3 na kwa kawaida huendelea mpaka miaka 21. Walio chini ya miaka 3 wana mpango wao ndani ya sheria hiyohiyo. Hati inayozaliwa humo ni IEP, yaani mpango wa elimu uliotengenezwa kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Ndizo zile kurasa ishirini na kitu. Na kwa wanaoogopa habari za makaratasi ya uhamiaji: mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Plyler kwamba mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu hana hati.

Hatua ya 1: Mjue mtetezi ni nani, na nani siye

Mezani utakuta watu wengi wema, na wema wao unaweza kukuchanganya. Mkalimani nimeshamtaja. Yupo pia mtu wa shule anayeshughulika na familia za wageni: huyu hukusaidia kweli kujaza fomu na kupata basi, lakini mshahara wake unatoka shuleni. Afisa wa shirika lililokupokea uwanja wa ndege anajua mambo ya nyumba na chakula, na mara nyingi IEP hajawahi kuisoma. Wakili anaijua sheria, ila ni ghali, na wakili akiingia chumbani shule nayo humwita wa kwake.

Mtetezi wa elimu anasimama katikati ya hao wote. Anaijua sheria ya elimu maalumu, anajua kusoma ripoti za vipimo, na anakaa upande wako wa meza. Wengine ni wazazi waliopitia njia hii na watoto wao, wengine walimu wastaafu. Hakuna leseni ya serikali kuu ya kazi hii, kwa hiyo yeyote anaweza kujiita mtetezi. Muulize maswali matatu kabla hujamwamini: amefunzwa wapi, amekaa kwenye mikutano mingapi ya IEP katika jimbo lako, na anatoza nini. Akikuahidi ushindi kabla hajaiona karatasi hata moja, mshukuru kwa chai na uondoke.

Anza na wasiotoza. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kuwafunza na kuwaelekeza wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinachopata fedha za serikali kuu. Wenyewe hukiita PTI. Piga simu, sema "Swahili", subiri wakutafutie mkalimani. Kila jimbo pia lina shirika la kulinda haki za watu wenye ulemavu, ambalo lina mawakili na huchukua baadhi ya kesi bila malipo. Mtetezi wa kulipwa kwa saa aje baadaye, ukiona mambo yamekwama. Na ujue kwamba fedha utakayomlipa hairudi: mwaka 2006, katika kesi ya Arlington dhidi ya familia ya Murphy, Mahakama Kuu ilisema mzazi aliyeshinda anaweza kurudishiwa gharama za wakili, lakini za mtaalamu aliyemsaidia hapana. Mtaalamu mwenyewe katika kesi ile alikuwa mshauri wa mambo ya elimu.

Je, shule inaweza kumzuia mlangoni? Sheria inampa mzazi, sawa na inavyoipa shule, nafasi ya kumleta mtu mwenye ujuzi au utaalamu unaomhusu mtoto, na anayeamua kama mtu huyo ana ujuzi ni yule aliyemwalika. Yaani wewe. Kwa uungwana waarifu mapema kwamba unakuja na mtu, halafu saini fomu ya kuwaruhusu wampe taarifa za mtoto.

Hatua ya 2: Kusanya makaratasi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtetezi yeyote anayejua kazi atakutuma faili kwanza, kabla hajaongea neno na shule. Omba kwa maandishi nakala ya rekodi zote za mtoto: ripoti za shule, vipimo, adhabu, mahudhurio, barua. Shule ina siku zisizozidi 45 kukuonyesha, na ikiwa kuna mkutano wa IEP, lazima uzione kabla ya mkutano huo.

Sisi tuliotoka makambini tuna tatizo la aina yake: karatasi za zamani hazipo. Usikate tamaa. Fungua ule mfuko wa plastiki wenye herufi IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, uliosafiri nao shingoni. Mara nyingi ndani yake kuna fomu za uchunguzi wa afya, na huenda daktari aliandika jambo kuhusu mtoto ambalo hukuelezwa. Kisha kaeni na mtetezi muandike historia kutoka kichwani mwako. Alizaliwa vipi, alilia palepale au alichelewa? Alipata degedege? Malaria ya kupanda kichwani? Alianza kutembea lini ukilinganisha na kaka yake? Hayo ambayo kijijini ni mazungumzo ya jikoni, kwa mwanasaikolojia wa shule ni ushahidi.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wengi wa Kimarekani hawalijui mpaka uwaambie: tarehe ya kuzaliwa. Familia nyingi za wakimbizi zina watoto ambao kwenye karatasi wote walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu afisa aliyewaandikisha alihitaji kujaza kisanduku. Vipimo vya akili na vya lugha hulinganisha mtoto na wenzake wa umri uleule kwa miezi. Mtoto wa miaka saba aliyeandikwa miaka tisa ataonekana yuko nyuma hata kama hana shida yoyote. Mweleze mtetezi ukweli huu mapema. Lakini kabla hujajaribu kubadilisha tarehe kwenye hati yoyote, ongea na wakili wa uhamiaji.

Hatua ya 3: Omba mtoto apimwe, kwa barua

Ukimwambia mwalimu mlangoni kwamba una wasiwasi, atakuitikia kwa huruma na siku zitapita. Barua ina tarehe. Si lazima iwe ya Kiingereza. Nimewahi kuona barua ya mistari sita ya Kiswahili ikiisukuma wilaya nzima. Iwe hivi:

"Kwa mkurugenzi wa elimu maalumu. Mimi ni mama wa (jina la mtoto), aliyeko darasa la (namba), shule ya (jina). Naomba mtoto wangu apimwe kikamilifu ili ijulikane kama ana ulemavu na kama anahitaji elimu maalumu. Nina wasiwasi kwa sababu hakumbuki maagizo mawili yakifuatana, hawezi kushika penseli, na hata kwa Kiswahili hatamki maneno ambayo mdogo wake anayatamka. Nyumbani tunaongea Kiswahili cha Kongo. Naomba fomu ya ridhaa na maelezo ya haki zangu kwa Kiswahili. Naomba mnijibu kwa maandishi."

Tia tarehe, piga picha, tuma kwa barua pepe au ipeleke mwenyewe na uombe mhuri wa kupokelewa. Ukishasaini ridhaa ya kupima, shule ina siku 60 kukamilisha, isipokuwa jimbo lako limeweka muda wake. Mtetezi anajua hesabu ya jimbo lenu. Mwachie aandike tarehe ya mwisho ukutani kwako.

Hapa ndipo watoto wetu wanapopotea, na wanapotea kwa njia mbili zinazopingana. Ya kwanza: "Tumsubiri ajue Kiingereza kwanza." Mwaka unapita, miwili, mitatu. Hakuna sheria inayosema mtoto asubiri. Ya pili ni kinyume chake: mtoto hajui Kiingereza, hakuwahi kukaa darasani, anapimwa kwa Kiingereza na kupewa jina la ulemavu wa akili. Sheria inakataza hilo pia. Mtoto hawezi kuhesabiwa kuwa ana ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza au kutofundishwa kusoma na hesabu ipasavyo, na kipimo lazima kifanywe kwa lugha na kwa namna itakayoonyesha kweli anachokijua, ila kama haiwezekani kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtetezi huwa: mtampima kwa lugha gani? Vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa Kiswahili ni adimu. Shule ikikiri hivyo, mtetezi ataomba wasitegemee namba peke yake: wamtazame mtoto akicheza, wamsikilize akiongea na mkalimani, wakuhoji wewe kwa kirefu. Wewe jiandae na swali moja ambalo hakuna mtaalamu anayeweza kulijibu badala yako: akiwa nyumbani, kwa lugha yake, anafanya yale ambayo ndugu zake walifanya katika umri huo? Kama jibu ni hapana, tatizo haliko kwenye Kiingereza.

Shule ikikataa kupima, isikuambie kwa mdomo. Inapaswa kukupa notisi ya maandishi, wao wanaiita PWN, yenye kueleza inakataa nini, kwa nini, na imetumia ushahidi gani. Mtetezi anapenda sana karatasi hii. Mara nyingi ukiiomba tu, "hapana" ya mdomoni hugeuka "ngoja tuangalie tena". Na wakipima ukaona matokeo hayafanani na mtoto unayelala naye nyumba moja, unaweza kuomba kipimo cha mtaalamu wa nje kwa gharama ya shule, kinachoitwa IEE. Shule ina njia mbili tu: ilipe, au ifungue shauri kuthibitisha kwamba kipimo chake kilitosha.

Hatua ya 4: Dai mkalimani, na useme Kiswahili gani

Sheria inaitaka shule ifanye kila linalohitajika ili mzazi aelewe yanayoendelea mkutanoni, pamoja na kumletea mkalimani. Bure. Usikubali dada yake mkubwa akalimani, hata kama ana miaka kumi na saba na Kiingereza chake kinateleza kama cha redioni. Hajui maneno yenyewe, na kuna mambo hapaswi kuyabeba.

Sema mapema unatoka wapi. Mama wa Uvira na mkalimani wa Dar es Salaam watasalimiana vizuri, watacheka, halafu watapotezana kwenye ukurasa wa tatu. Mkalimani wa Tanzania akisema "usonji" (autism kwa Kiingereza), mzazi wa Kivu huenda analisikia neno hilo kwa mara ya kwanza maishani. "Mtindio wa ubongo" ni mtego zaidi: wengine humaanisha ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo kuumia, wengine hulitumia kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, na hizo ni kategoria mbili tofauti kabisa kwenye IEP. Na "ulemavu wa akili" wenyewe nimeuona ukimliza baba mtu mzima, kwa sababu alichosikia ni "mtoto wako ni kichaa". Kama familia yenu ni ya Kinyamulenge au Kibembe na Kiswahili ni lugha ya sokoni tu, sema pia.

Dawa yake ni rahisi. Kila likitajwa jina la ulemavu, wewe au mtetezi mwambie aliyelitaja: "Tueleze mtoto anafanya nini na anashindwa nini." Mtu akieleza kitendo, mkalimani hakosei sana.

Hatua ya 5: Mkutano wenyewe

Ikishaamuliwa kwamba mtoto anastahili, mkutano wa kuandika IEP lazima ufanyike ndani ya siku 30. Kama tarehe waliyopanga iko katikati ya shifti yako, waambie. Wanatakiwa kutafuta muda mnaokubaliana. Wiki moja kabla, kaeni na mtetezi. Atakuomba uandike ukurasa mmoja wa wasiwasi wako na wa mambo mazuri ya mtoto, ili uingizwe ndani ya IEP neno kwa neno. Ataiomba shule rasimu uisome mapema. Si majimbo yote yanayoilazimisha shule kuitoa, lakini ukiomba kwa upole wengi hutoa.

Mkiingia chumbani, kaeni bega kwa bega. Mtetezi mzuri haongei sana. Kazi yake kubwa ni kupunguza mwendo: "Samahani, turudi ukurasa wa nne." "Mkalimani hajamaliza." "Mama, umeelewa hapo, au tuulize?" Na kwa kila ahadi atauliza mambo yaleyale mpaka watu wachoke: nani, wapi, mara ngapi, dakika ngapi, na tutajuaje kama inafanya kazi.

Tazama tofauti. IEP ikisema "tiba ya usemi kadiri inavyohitajika", mtoto anaweza kupata dakika sifuri na hakuna aliyevunja kitu. Ikisema "dakika 30, mara 2 kwa wiki, na mtaalamu wa usemi, katika kikundi kisichozidi watoto 3", hapo mna hesabu. Malengo nayo ni hivyohivyo. "Ataboresha usomaji wake" ni dua. Lengo huandikwa hivi: "Sasa anasoma maneno 22 kwa dakika, kufikia Mei, akipewa hadithi ya darasa la pili, atasoma maneno 60 na kukosea yasiyozidi 5, katika majaribio 4 kati ya 5." Mzazi asiyejua kusoma kabisa anaweza kulisimamia lengo kama hilo, kwa sababu kuhesabu anajua.

Mkiambiwa kwamba mtoto "anasogea kidogokidogo na hiyo yatosha", mtetezi atataja kesi ya Endrew F., mvulana wa Colorado mwenye usonji. Mwaka 2017 majaji wote wa Mahakama Kuu walioisikiliza walikubaliana kwamba shule haijatimiza wajibu wake kwa kutoa maendeleo ya kiduchu. Mpango lazima ulenge maendeleo yanayomfaa mtoto kwa hali aliyo nayo. Kuitaja tu mara nyingi hubadilisha hewa ya chumba.

Jambo jingine la kumtazamia mtetezi ni mpangilio wa maamuzi. Mahitaji kwanza, halafu malengo, halafu huduma, mwisho kabisa ndiyo mtoto atasomea chumba gani. Ukiona wameanza na chumba ("tuna darasa zuri sana shule ya ng'ambo ya mto"), simamisha. Sheria inataka mtoto akae na wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inavyomfaa, na kumtoa kuwe na sababu iliyoandikwa. Basi la shule, msaidizi wa darasani, kifaa cha kuongelea, masomo ya likizo ili asisahau aliyojifunza: yote haya yanaweza kuombwa, na yote yajadiliwe kwa mahitaji ya mtoto. Jibu la "hatuna bajeti" si jibu la kisheria.

Kisha kalamu. Ndugu yangu, hapa ndipo malezi yetu yanapotuponza. Kwetu mwalimu ni mzazi wa pili; kumbishia mbele za watu ni utovu wa adabu, na karatasi iliyoletwa na ofisi husainiwa. Kambini ukichelewa kusaini ulikosa mgawo. Huku unaweza kusema, kwa heshima zote: "Nawashukuru walimu. Nitaichukua nyumbani, nisomewe kwa lugha yangu, nitawajibu." Hakuna atakayekuona mkorofi. Uliza pia unachosaini ni kipi: kuna saini ya kwamba ulihudhuria, na kuna saini ya kwamba unakubali. Kwa mara ya kwanza kabisa, huduma haziwezi kuanza bila ridhaa yako ya maandishi. Kwa IEP za miaka inayofuata majimbo hutofautiana, na kwingine ukinyamaza siku kadhaa shule inaendelea na mpango wake, kwa hiyo muulize mtetezi una siku ngapi. Unaweza pia kukubali sehemu na kuandika sehemu usizozikubali.

Hatua ya 6: Jioni ileile, na miezi inayofuata

Kabla hujalala, mtetezi na wewe mtume barua pepe fupi: tulikutana leo, tulikubaliana haya, hili halikukubaliwa, kama tumekosea tusahihisheni. Kisha nunua daftari la dola moja. Kila simu kutoka shuleni: tarehe, saa, nani, alisema nini. IEP hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka na mtoto hupimwa upya angalau kila miaka mitatu, lakini huhitaji kusubiri. Mkutano unaweza kuuomba wakati wowote.

Zile simu za "njoo umchukue, leo hajatulia" zinahitaji aya yake. Mzazi anaacha mstari wa kiwanda, anapoteza saa za malipo, anafika anakuta mtoto kakaa ofisini na begi mgongoni. Halafu wiki ijayo tena. Mara nyingi shule haiandiki popote kwamba imemfukuza. Imemwomba tu mama amchukue. Watetezi wengi niliofanya nao kazi huyahesabu hayo kuwa ni kuondolewa darasani, na huomba karatasi kila mara: "Naja, lakini naomba mniandikie sababu." Mtoto mwenye IEP akiondolewa zaidi ya siku 10 za shule mfululizo, au siku zilizotawanyika zikapita 10 na kuonyesha mtindo uleule, shule lazima iitishe kikao ndani ya siku 10 za shule kuamua kama tabia ile imetokana na ulemavu wake. Ikiwa ndiyo, kwa kawaida anarudi darasani, na shule inatakiwa ichunguze chanzo cha tabia na kuandika mpango wa kuishughulikia. Daftari lako la dola moja ndilo litakalohesabu hizo siku.

Alama nzuri nazo zikutie mashaka kidogo. Miguel Luna Perez, kiziwi aliyehamia Michigan kutoka Mexico akiwa na miaka 9, alisoma shule za Sturgis miaka mingi. Kwa mujibu wa madai ya familia yake, msaidizi aliyepewa hakuwa na ujuzi wa lugha ya alama, huku alama za ripoti zikipandishwa na wazazi wakiaminishwa kwamba atahitimu. Miezi michache kabla ya mahafali wakaambiwa hatapata diploma. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2023 majaji wote walimruhusu aendelee kudai fidia kwa sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Wazazi wale hawakuzungumza Kiingereza. Mtoto akileta A, mpe kitabu akusomee.

Hatua ya 7: Mkishindwana

Usianze na mahakama. Mtetezi atapanda ngazi moja moja: mkutano mwingine, kisha usuluhishi, ambao ni bure na wa hiari kwa pande zote mbili. Ikiwa shule imevunja jambo lililo wazi, kwa mfano dakika za tiba hazikutolewa, peleka malalamiko kwenye idara ya elimu ya jimbo: yawe ya mambo yaliyotokea ndani ya mwaka mmoja uliopita, na kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 60. Njia hii haina gharama na kwa maoni yangu wazazi wetu wanaitumia kidogo mno.

Ngazi ya juu ni shauri mbele ya afisa msikilizaji. Kwa kawaida una miaka miwili tangu ulipojua tatizo. Wakati shauri linaendelea mtoto hubaki mahali alipokuwa, na hii peke yake wakati mwingine ndiyo sababu ya kulifungua. Hapa mtetezi mwaminifu atakuambia mwenyewe kwamba amefika mwisho wa uwezo wake: majimbo mengi hayamruhusu asiye wakili kukuwakilisha, ingawa anaweza kukaa karibu na kukushauri. Atakukabidhi kwa wakili pamoja na faili. Faili likiwa limepangwa kwa tarehe, wakili atakushukuru, na bili yake itakuwa fupi.

Hatua ya 8: Mwachie mtoto kiti

Kabla mtoto hajatimiza miaka 16, na majimbo mengine mapema zaidi, IEP lazima ianze kuzungumzia maisha baada ya shule: kazi, chuo, kuishi mwenyewe. Kuanzia hapo mtoto anaalikwa mkutanoni. Mfundishe sentensi mbili tatu za kujieleza, kwa lugha yoyote. Mkalimani yupo kwa ajili yake pia.

Akitimiza miaka 18, katika majimbo mengi haki zote ulizokuwa nazo zinahamia kwake. Barua zitaandikwa kwa jina lake na kalamu atapewa yeye. Kama unadhani hataweza kuamua mwenyewe, zungumza na mtetezi mwaka mmoja kabla, maana kumwombea ulezi mahakamani ni njia moja tu, na zipo nyepesi zaidi, kama yeye mwenyewe kusaini hati ya kukuruhusu umsaidie. Yule mama wa Fizi alinipigia mwaka jana kuhusu jambo hilohilo. Daftari lake lilikuwa la nne. Alitaka kujua kijana wake akisaini vibaya, ataruhusiwa kusaini tena.